Habari za Nguo Zinukazo Dizeli na Petroli

Kwa nyumba zote za Wakristo wa Shinyanga, Kahama na Geita, na kwa waalimu wenzetu walio vijijini.

Mwezi huu twapenda kuandika habari za kufua nguo. Huenda wengine watacheka wakisema, Mwalimu wa dini ana shauri gani na beseni na sabuni? Lakini mtu azungukaye katika nyumba za waumini, kama sisi tulivyozunguka miaka mingi, hujua ya kuwa mambo mengi ya kanisani huanza uani. Wako watu wasioingia kanisani kwa sababu ya harufu ya nguo zao. Tena ziko nyumba zilizo hatarini kuungua kwa sababu ya nguo hizo hizo, wala wenyewe hawana habari. Kwa hiyo haifai tunyamaze.

Wazee wetu walijua kufua madoa ya nchi yao. Nguo ya Msukuma ilichafuka kwa tope la mbuga, kwa maziwa, kwa samli, na kwa damu ya nyama. Siku hizi doa ni jingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikwisha ardhini, wala watu hawakuacha kuitafuta. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001; na mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa. Zaidi ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo, na mahali pengine pengi. Huko pampu hutoa maji katika maduara, jenereta hutoa umeme, na karasha husaga mawe; na nyingi katika mashine hizo hunywa dizeli. Vijana wa bodaboda nao hutembea na petroli, na katika vijiji vilivyo mbali na vituo petroli huuzwa kando ya njia katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa.

Basi mafuta yamezoeleka kama maji ya kisima. Mtu humimina kutoka dumu hadi tangi la mashine, yakamwagikia suruali. Naye huendelea na kazi mpaka jioni, akarudi nyumbani, akaketi karibu na mafiga kuota moto na kungoja ugali. Hapo ndipo penye neno letu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulimwona kijana mmoja, mwangalizi wa pampu katika machimbo, asimamaye nje ya kanisa kila Jumapili chini ya mti, akisikiliza kwa dirishani. Tulipomkaribisha ndani alijibu, Hapa panatosha, mwalimu. Hatukumshurutisha, bali siku ya tatu tulikwenda kumwamkia nyumbani kwake. Mkewe ndiye aliyetueleza. Jumapili moja mumewe aliketi bengini, na waliokuwa karibu wakajifunika pua, kisha mmoja akahama. Kijana akainama, na tangu siku ile hakuingia tena. Mke alikuwa amekwisha kuifua suruali ile mara tatu kwa sabuni ya unga, akailoweka pia katika maji ya majivu, kama mama yake alivyofanya kwa nguo yenye samli. Harufu haikutoka. Na kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha, alikuwa ameitundika jikoni, juu ya moto, ipate kukauka.

Tulipoiona pale juu tulimwomba aiondoe kwanza, ndipo tuendelee kuzungumza. Naye alishangaa, kwa maana aliona dizeli ni kitu cha kunuka tu. Tangu siku hiyo tuliwauliza mafundi wa mashine, tukawauliza madobi, tukajaribu wenyewe nyumbani kwetu. Tuliyoyapata ni haya.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa mafuta hayafanani. Petroli ni nyepesi, hugeuka mvuke upesi, hata katika baridi kuliko barafu. Mvuke wake hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini sakafuni, ukafika kwenye moto ulio mbali, na moto ukarudi nao mpaka penye nguo. Mafuta ya taa ni mazito kidogo kuliko petroli. Dizeli ni nzito zaidi, haigeuki mvuke upesi, na kwa sababu hiyo harufu yake hukaa katika nguo siku nyingi. Watu wengine husema, Dizeli haishiki moto, maana wameona njiti ikizimika ndani yake. Ni kweli kwamba dizeli iliyo ndani ya chombo haiwaki kwa wepesi kama petroli. Lakini angalieni koroboi. Mafuta yaliyo ndani ya kopo hayawaki. Utambi ndio uwakao, kwa kuwa ni kitambaa kilichonyonya mafuta. Basi suruali iliyolowa dizeli ni utambi, na mtu aivaaye ameuvaa utambi.

Wote twakumbuka msiba wa Morogoro, tarehe 10 Agosti mwaka 2019. Lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ulipolipuka walikufa watu zaidi ya 100. Na kule Kenya, mwezi wa Januari mwaka 2009, lilitokea jambo kama hilo Sachang'wan, karibu na Molo, nako wakafa zaidi ya 100. Hatuandiki haya ili kuwahukumu waliofariki, maana uhitaji huvuta watu wengi. Twaandika ili ijulikane ya kuwa petroli haingoji mtu amalize shughuli yake.

Sasa, kwa nini maji ya majivu hayakufaa? Hili tuliona ni jambo zuri la kujua, hasa kwa waalimu, maana watoto hupenda kuuliza. Samli na mafuta ya nyama yana asili nyingine. Yakikutana na ukali wa majivu au wa magadi hugeuka yenyewe kuwa kama sabuni, ndipo maji yakayachukua. Ndivyo watu wa kale walivyotengeneza sabuni, na hata manabii Yeremia na Malaki wametaja vitu vya dobi katika maonyo yao. Lakini mafuta ya mashine yametoka ardhini, nayo hayageuki sabuni kwa majivu, hata yakilowekwa juma zima. Yahitaji sabuni iliyokwisha kutengenezwa. Maana sabuni ina pande mbili: upande mmoja hupenda mafuta, na upande wa pili hupenda maji. Huyashika mafuta kwa huku, ikayashika maji kwa huku, na yote mawili yakaondoka pamoja. Kwa hiyo mama yule hakukosa bidii. Dawa aliyorithi kwa mamaye ni dawa njema, ila ni ya doa jingine.

Na njia ya kufua ni hii.

Nguo ikilowa mafuta, ivuliwe upesi, nje ya nyumba, mbali na jiko, taa ya moto, sigara na pikipiki iliyowashwa. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, kwa maana mafuta yakikaa mwilini huwasha na kuchubua, na kwa mtoto madhara huja upesi zaidi. Haifai kumwacha mtu amalize kazi yake hali nguo imegandamana na mwili.

Nguo yenyewe itandikwe mahali penye upepo. Mafuta yaliyo mabichi yafyonzwe kwa kitambaa kikuukuu, kwa kukandamiza bila kusugua, kwa kuwa kusugua huyaingiza ndani ya nyuzi na kulipanua doa. Kisha doa lifunikwe kwa unga wa mahindi ulioharibika, au unga wa muhogo, au mchanga mkavu ulio laini. Uachwe saa kadhaa unyonye, halafu ukung'utwe. Majivu tusiyatumie hapa, maana mara nyingi kaa dogo hujificha ndani yake. Unga huo usipewe kuku, bali ufukiwe.

Ikiwa ni petroli, nguo ikae nje upeponi mpaka iwe kavu kabisa kabla ya kutiwa majini. Na saa nyingi ni bora kuliko chache. Ikiwa ni dizeli, upepo hautatosha, lakini utapunguza harufu.

Kisha itiwe sabuni juu ya doa kavu, kabla ya maji. Ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yafaa sana, maana imetengenezwa ili kukata mafuta. Asiyekuwa nayo atumie sabuni ya mche, ailoweshe kidogo na kuipaka nene. Sabuni isuguliwe taratibu kwa vidole, ikaachwa robo saa au nusu saa. Wengi huanza kwa kutosa nguo yote katika beseni; hapo mafuta huelea juu ya maji na kuipaka hata sehemu iliyokuwa safi.

Baada ya hayo nguo ifuliwe kwa maji ya moto kadiri mkono unavyoweza kuvumilia, na kadiri kitambaa chenyewe kinavyoweza. Hapa tuna neno moja twapenda kila mama na kila binti alishike: maji yaende kwenye nguo, nguo isiende kwenye moto. Maji yachemshwe jikoni, yachukuliwe hadi uani penye nguo. Kamwe nguo yenye mafuta isichemshwe katika sufuria juu ya mafiga.

Isuuzwe, kisha inuswe. Ikinuka bado, isikaushwe kwa haraka na kusemwa imekwisha. Irudishwe kwenye sabuni mara ya pili, na ya tatu. Katika suuzo la mwisho twaweza kutia kikombe kimoja cha siki katika ndoo ya maji ya lita 10, nguo ikakaa humo nusu saa, maana siki hupunguza harufu iliyobaki. Lakini jihadharini: siki isichanganywe na ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa kuwa vikikutana hutoa hewa yenye sumu. Wala tusifunike harufu kwa manukato, maana harufu ni shahidi atuambiaye ya kuwa mafuta yamo bado. Ukimziba kinywa shahidi, hukuiondoa hatari.

Mwisho nguo ianikwe nje, juani na upeponi. Pasi ya mkaa isiiguse mpaka harufu iwe imetoka yote, na wenye mashine za kukaushia nguo wasiitie humo. Maji yaliyofulia yamwagwe mbali na kisima, mbali na lambo la ng'ombe, na mbali na bustani ya mboga.

Tumeona pia ya kuwa vitambaa havifanani. Pamba yetu, ile ilimwayo Shinyanga na Geita, hunywa mafuta upesi, lakini huyaachilia kwa sabuni. Vitambaa vya nyuzi za kiwandani, kama polista, vyapenda mafuta kuliko maji, na harufu hushikamana navyo. Majoho ya kwaya zetu mengi ni ya namna hiyo. Kwa hiyo mwanakwaya afanyaye kazi ya mashine asilitie joho lake katika mfuko mmoja na ovaroli, wala mama asivifue pamoja. Nguo za kazi ziwe na beseni lake na kamba yake, na nguo za mtoto mchanga zisikaribie hapo. Ikiwezekana, ovaroli ibaki kazini, mtu arudi kwake na nguo nyingine.

Iko desturi moja twaomba iachwe. Watu wengi wakipata doa la rangi au grisi hutwaa petroli na kuipangusia nguo, wengine hata kuoshea mikono. Doa hutoka, ni kweli. Lakini nguo yote hujaa petroli, na mtu huingia nayo jikoni. Sabuni ya vyombo na subira vyatosha kwa kazi hiyo.

Na moto ukiishika nguo ya mtu, asikimbie, maana kukimbia huupepea moto. Ajilaze chini, ajiviringishe, au afunikwe kwa blanketi zito la pamba. Moto ukizimika, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, wala asali, wala samli. Na mtoto akinywa mafuta kutoka katika zile chupa za barabarani, asitapishwe, maana mafuta yakirudi juu huingia mapafuni. Apelekwe kwa mganga wa hospitali mara moja.

Neno moja la zebaki, kwa wachimbaji. Dizeli hutuonya kwa harufu yake, lakini mvuke wa zebaki hauna harufu yo yote, nao ni sumu kwa ubongo, na zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ulio wa kupunguza matumizi ya zebaki. Na hayo yanatupasa nyumbani pia. Nguo za mtu achomaye dhahabu kwa zebaki zisiingizwe ndani ya nyumba hata kidogo, wala zisifuliwe na nguo za jamaa. Mtu asiseme, Nguo yangu hainuki, kwa hiyo ni safi.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mkewe aliifua suruali kwa njia hiyo, akairudia mara tatu, akaianika siku mbili pale jua lilipotoka. Harufu ilipungua sana, ingawa haikutoka yote. Jumapili iliyofuata kijana alifika mlangoni, akasita. Mzee mmoja wa kanisa, mfugaji, alisogea bengini akampa nafasi, akamwambia kwa Kisukuma aketi, na ya kuwa yeye mwenyewe ametoka zizini. Watu walicheka kidogo, na kijana akaketi. Wala hatukuhubiri juu ya jambo hilo siku ile, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kuhubiri.

Twaandika haya kwa kuwa twaona mambo mawili yamechanganywa. Usafi ni jambo jema, na nyumba ya Mkristo yafaa ijulikane kwa usafi. Lakini harufu ya dizeli katika nguo ya mtu haituambii neno lo lote la moyo wake. Yatuambia tu ya kuwa amefanya kazi juma zima, na labda ya kuwa ana suruali mbili peke yake. Anayemhama ndugu yake bengini kwa ajili ya harufu, naye jana alinunua unga uliosagwa kwa mashine ya dizeli, na afikirie alichokifanya. Baadhi ya mitume wenyewe walikuwa wavuvi, na hatudhani ya kuwa walinukia udi.

Waalimu wenzetu, ninyi mna nafasi kubwa. Katika madarasa yenu wako watoto ambao baba zao huuza petroli kwa chupa, au hulala karibu na jenereta, nao huja shuleni na harufu ya nyumbani. Msiwaketishe peke yao nyuma. Mwiteni mzazi kwa upole, mweleze habari ya sabuni na ya moto, na hatari ya kuweka madumu ya mafuta katika chumba cha kulala watoto. Somo hili laweza kufundishwa katika nusu saa, kwa beseni moja, kipande cha kitambaa, na kipande cha sabuni. Lakini msiwashe moto wa mfano mbele ya watoto, maneno yatosha.

Nanyi wazee wa kanisa, mkiona mtu asimamaye nje kila Jumapili, msiseme upesi ya kuwa amepoa katika imani. Nendeni kwake, mkaangalie kamba yake ya kuanikia nguo. Huenda haja yake si onyo, bali kipande cha sabuni na mtu wa kumwonyesha namna ya kukitumia.

Yeyote aliye na njia nyingine aliyoijaribu mwenyewe, na ituletewe, tuwape wengine. Bwana azilinde nyumba zenu na moto, na mioyo yenu na dharau.

Sisi ndugu yenu katika kazi,
Mwalimu wa dini